Kura ya Taa ya Ngazi

Jumatatu, 6 Novemba
Mke wangu Irmgard kahamishia umeme wa fleti yetu kampuni nyingine, sasa ni wa kijani: wa maji na upepo, si wa makaa ya mawe. Aliniambia nikiwa na supu mdomoni, nisipate kujibu. Nimekagua soketi. Iko vilevile. Birika nalo lilichemka kama jana — labda kwa unyenyekevu zaidi.

Sasa anataka taa za ngazi zihame pia. Hizo ni za jumba zima: wamiliki watatu, kura tatu. Bi Roswitha wa chini anataka. Gerold wa juu hataki. Fleti yetu iko kwa jina langu. Ole wangu.

Jumanne, 7 Novemba
Gerold kanikamata ngazini. Umeme, anasema, ni mayai yaliyokwisha kukorogwa kwenye sufuria moja. "Wewe mzee mwenzangu unalipia karatasi ya kusema kijiko chako kimetoka kwa kuku wa kienyeji." Na kuku mwenyewe ni bwawa la umeme la huko Norwe, limejengwa kabla bibi yake hajaolewa. Litazalisha ulipe usilipe.

Taa ikazima — ni yeye aliyeitega ijizime upesi, kubana matumizi. Tukaagana gizani kama wezi wenye adabu.

Jumatano, 8 Novemba
Nimempa Irmgard hoja ya kuku kana kwamba ni yangu. "Hiyo inanuka sigara za Gerold," akasema.

Lakini akakubali: kuku mzee hahitaji hela yetu. Ndiyo maana kachagua kampuni inayotoa sehemu ya malipo kufuga vifaranga — mitambo mipya ya upepo. "Usipojua hela inakwenda kwa nani, umenunua jina tu, bwana."

Kwa hiyo wote wawili wana haki. Balaa gani kubwa kuliko hilo?

Alhamisi, 9 Novemba
Karata. Skat, mchezo wa watu watatu, kama kila Alhamisi: Roswitha, Gerold, mimi. Gerold akigawa: nikiinua mkono kwenye mkutano wa kura Jumamosi, tutafute mtu wa tatu badala yake. Roswitha, bila kuinua macho: nisipoinua, wa kutafutiwa mbadala ni yeye Roswitha.

Wawili hawachezi Skat. Wanatazamana tu.

Nyumbani dengu na tambi. Soseji hakuna. Zinasubiri matokeo, anasema Irmgard.

Jumamosi, 11 Novemba
Mkutano chumba cha kufulia, chini. Nikajibanza ukutani kando ya swichi. Roswitha akasema wanaokubali wainue mikono. Wake ukapaa. Taa ikazima: hata huku Gerold kaitega.

"Giza hili ni la kijani au la makaa?" Irmgard huyo.

Taa ikawaka. Mkono wangu ulikuwa juu.

"Kura mbili," akasema Roswitha.

"Kura gani? Alikuwa anawasha taa, maskini." Gerold huyo.

Roswitha akanigeukia: "Eugen, sema mwenyewe. Ulikuwa unapiga kura au unawasha taa?"

Nikasema nimebanwa. Nikapanda juu mbio, mbio za umri wangu.

Naandika chooni. Jikoni soseji zinanukia — Irmgard kaanza kusherehekea. Gerold kanifuata; yuko mlangoni pa choo anachanganya karata, makusudi, nizisikie.

Swichi niliibonyeza kwa mkono wa kushoto. Ulioinuka ni wa kulia.

Karata zimenyamaza. "Eugen," anasema kupitia tundu la ufunguo, "hebu nikumbushe. Mkono upi?"