Kishikio cha Mkono Mkubwa

Kitadani, Tottori
Mwishoni mwa Aprili

Kwa mdogo wangu Kunihiro,

Pokea salamu zangu, nami naomba zikukute mzima, wewe na wifi yangu Fusae. Bega linaendeleaje? Mimi sijambo. Baridi imekwisha, chai nainywa nje barazani, na chakula kinapita vizuri. Ila mwaka huu maua ya mipea yamechanua kwa majirani tu. Asubuhi mkono wenyewe unatafuta brashi ya kuchavushia, kisha nakumbuka kwamba kwangu hakuna cha kuchavusha.

Habari za huku zipo, nawe unajua dada yako hawezi kueleza jambo bila kuanzia mbali. Unakumbuka nilivyoteleza kwenye ngazi nikivuna, mwaka juzi. Ulikuja mbio, na tukakubaliana kama watu wazima kwamba nitaendelea na shamba maadamu mikono yangu ina nguvu ya kupogoa. Wauguzi wanasema mwanamke wa umri wangu asiyefikisha kilo kumi na nane za kubana ameanza kudhoofika. Tukasema basi, hapo ndipo mpaka wetu. Nikishuka chini yake, miti ikatwe, maana shamba la mapea lisilo na mtu hulea magonjwa na kuwaambukiza majirani, nami sitaki kijiji kizima kininunie. Ukaagiza mtandaoni kile kidude cha plastiki cha kupimia nguvu za mkono unapokibana, cha bei poa. Kila ulipokuja kunisaidia shambani ulikuja nacho, ukakibana wewe kwanza, ukajisifu kidogo, kisha ukanipa.

Nilibana mpaka masikio yakavuma. Kumi na saba. Safari nyingine kumi na sita. Ukanigusa mgongoni ukaniambia, "Basi dada, ndiyo uzee huo, tutafanyaje." Nililia jikoni ili usinione. Februari ukaja na msumeno wa injini na vijana wako, mkaiangusha miti yote, hata ule mpea wa baba karibu na kisima. Niliwakandia matonge ya wali, nikawapikia supu ya miso. Ulipokuwa unaondoka ukaniachia kidude, ukasema nikitumie kufanyia mazoezi. Nami nikakuinamia mpaka chini, Kunihiro, nikakushukuru.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mazoezi ya wazee ukumbini. Muuguzi wa mji, yule binti Hirooka, alikuja na kipimo chake cha chuma, kizito, chenye mshale. Nikabana bila tamaa yoyote. Ishirini na mbili. Nikamwambia kimeharibika hicho. Akanirudisha, nikabana tena, ishirini na mbili ile ile. Mzee Tabuse, unamjua mdomo wake, akasema afadhali hakunioa, angeishi kwa adabu.

Nikaenda nyumbani kukileta kile cha kwetu. Nilikibana mbele ya watu wote, kikasema kumi na sita. Ukumbi mzima ukakihukumu. Tabuse akasema kitu cha bei ya bakuli la tambi kikapime tambi, na mama mmoja akaniletea kabisa ndoo ya taka. Lakini Hirooka ni mtu wa taratibu. Alikigeuza geuza, akakizungusha mahali fulani, akawaita mmoja mmoja. Kila mtu alibana cha chuma, akapumzika, akabana cha plastiki, na kila mtu alizungushiwa kulingana na mkono wake. Vipimo vilikwenda sambamba, tofauti nusu kilo, ikizidi sana kilo moja. Kidude chetu maskini kilikuwa kinasema kweli siku zote.

Mimi akaniweka mwisho. Akanionyesha kwamba kishikio kilikuwa kimepanuliwa mpaka karibu mwisho. Alisema vidole vinatakiwa vikunjike sawasawa kwenye kiungo cha kati, ila vyangu vilikuwa vinaning'inia kwenye ncha. "Bibi, hiki kimetegwa kwa mkono wa mcheza sumo!" Akakipunguza. Nikabana. Ishirini na moja na nusu.

Nilikutetea pale pale. Nikawaambia mdogo wangu ana mikono mikubwa, yeye hubana kwanza, na mwanamume akishajisifu husahau mengine. Wakacheka, nami nikacheka. Hata kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimekwisha kukusamehe.

Jumapili Fusae akaniletea machipukizi ya mianzi. Nikamsimulia kama mzaha. Naye, bila ubaya wowote, akasema haiwezekani. Eti mlipokuwa nacho nyumbani mlikibana kila mkitoka kuoga, na kila mara wewe ndiye uliyempunguzia kishikio kabla ya kumpa, maana mkono wake ni mdogo kama wangu. Akikibana kabla hujakipunguza, unamfokea kwamba namba itakuwa ya uongo. Kisha akaniona uso, akainuka kutaka kuondoka. Nilipombana ndipo akasema bega lako linakuua tangu miaka mitatu iliyopita, na kila ukifika msimu wa kupogoa kwangu huwa hulali, ila hukupata mdomo wa kuniambia.

Nina hasira nawe, sikufichi. Ungesema umechoka. Neno moja tu. Ningeikata mwenyewe, mti mmoja mmoja, na jioni ningekukanda hilo bega. Badala yake ulikaa mbele yangu ukanitazama nikikamua nguvu zangu zote kwenye kishikio ulichokipanua wewe, ukanisomea namba, ukanipa pole. Miezi yote hii nimeuchukia mkono wangu. Niliuona kama umenisaliti.

Ndani ya kifurushi utakikuta kidude chako. Nimekiweka saizi yangu. Usikitupe, hakina kosa. Bega likipata nafuu, njoo nacho. Tutakaa kwenye kisiki cha mpea wa baba, unipime wewe mwenyewe, na namba uisome kwa sauti. Usiniombe radhi kabla ya hapo.

Msalimie Fusae, mwambie machipukizi yalikuwa laini sana. Usimgombeze, hakujua anachokisema. Jikinge na baridi ya asubuhi, bega halipendi baridi.

Ni mimi dada yako,
Tsuyako