Cheti cha Kabula

Jumamosi, mchana. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa inarudi tena. Maji yanateremka kwenye mawe nyuma ya nyumba na Igogo nzima inanuka samaki na tope. Mama yuko sokoni. Nimekaa kitandani na daftari hili, mlango nimeuzuia kwa ndoo.

Moyo ni mzito, na sitaki kujidanganya kwamba ni kwa sababu ya mvua.

Ngoja nianze na lile ambalo sijawahi kuliandika popote, hata humu. Shuleni naitwa Leticia Magesa, kidato cha pili B. Nyumbani naitwa Kabula, binti Maduhu, na hilo ndilo jina nililozaliwa nalo. Leticia Magesa ni mtu mwingine kabisa. Yupo, anapumua, na leo asubuhi nilimshika mkono.

Ilikuwa hivi. Nilimaliza darasa la saba mara ya kwanza hapa hapa mjini, kwa jina langu, na sikuchaguliwa. Mama alilia siku mbili. Baba mdogo hakulia. Alipanda baiskeli akaenda Buswelu kwa mwalimu mkuu mmoja waliyefahamiana. Kurudia darasa la saba hairuhusiwi, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pia jinsi watu wanavyorudia. Anatafutwa mtoto aliyeacha shule ambaye jina lake bado liko kwenye orodha. Unakaa kwenye dawati lake, unaitikia jina lake, unafanya mtihani wake. Mwaka ule nafasi iliyokuwapo ilikuwa ya msichana ambaye baba yake alimtoa darasa la sita, akaenda naye visiwani kuwapikia wavuvi wa dagaa. Jogoo mmoja na debe la mpunga vikapelekwa Buswelu, nami nikawa Leticia.

"Ni la mwaka mmoja tu," Baba mdogo aliniambia. "Ukifaulu tutalirekebisha."

Nikafaulu. Hakuna aliyerekebisha kitu. Jina lililofanya mtihani ndilo lililochaguliwa, na ndilo lililoandikwa kwenye barua ya kujiunga na sekondari. Nilipomkumbusha, Baba mdogo alicheka akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Rahisi kusema, kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hakuvua hata soksi.

Kuna ya kuchekesha, nakubali. Mwalimu wetu wa sayansikimu ni mama wa Kijita kutoka upande wa Musoma. Siku ya kwanza aliposoma jina la Magesa, jina la kwao, kwenye orodha, uso ulimng'aa, akanisalimia Kijita mbele ya darasa zima. Nikasimama kama nguzo ya umeme. Nikadanganya kwamba nimelelewa na bibi wa Kisukuma huko Bujora, lugha ya baba siijui. "Maskini, wamekupoteza," akasema, na tangu siku hiyo ameniweka moyoni kama mtoto wa nyumbani. Ananipa kitabu chake nikasome. Akikuta wengine wamechelewa wanapigwa fimbo, mimi naambiwa nikae.

Sasa ubaya wake. Kidato cha tatu tunagawanywa kwenye michepuo, na shule yetu ina miwili, biashara na sayansikimu. Mimi nataka biashara. Napenda hesabu, na nimemwona Mama akipunjwa na matajiri wa samaki mpaka nimechoka kuona. Lakini mwalimu ameshaniandika kwake bila kuniuliza, wa kwanza kwenye karatasi. Nitamkataliaje? Nikimwambia sitaki, ataniangalia kama mtoto aliyeasi ukoo, ukoo ambao si wangu. Kwa hiyo mwakani nitajifunza kupika keki kwa sababu ya uongo niliousema kidato cha kwanza. Nikiwaza hivyo nacheka, halafu kicheko kinakatika.

Shule yenyewe inaendelea kama kawaida. Mwalimu wa hisabati anafundisha nusu ya mada darasani, nusu nyingine tunaifuata nyumbani kwake jioni kwenye tuisheni, na asiyekuwa na cha kulipa abaki na nusu yake. Wa kemia anauza barafu wakati wa mapumziko, na usiponunua anakukumbuka. Somo la Siasa limefutwa, sasa linaitwa Uraia, ila mwalimu ni yule yule na nukuu ni zile zile. Amebadilisha jalada tu. Siwezi kumlaumu. Na mimi nimebadilisha jalada.

Jumatatu wakati wa uji, kiranja wa zamu alikuja mbio. "Leticia, una mgeni wako getini."

Alikuwa msichana wa rika langu, amejifunga kitenge, kandambili miguuni, mikono imepasukapasuka kwa chumvi na moshi. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kola. Aliangalia tai, akaangalia sweta langu la mitumba. Halafu akasema, polepole kabisa:

"Kumbe nimenenepa."

Sikuelewa. Nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ni Leticia Magesa. Nimekuja kujiona."

Nilishika nguzo ya geti, na nakumbuka nilifikiria jambo moja la kijinga sana, kwamba uji wangu utapoa.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Visiwani amepika miaka minne. Baba yake ameoa tena, na mke mpya anapika mwenyewe, kwa hiyo amerudi kwa shangazi yake hapa Igogo. Kuna kiwanda kipya cha minofu ya sangara kinatafuta wasichana. Ni kile kile ambacho sisi tunakifahamu kwa mapanki tu, maana minofu inapanda ndege na mifupa inabaki na sisi. Siku hizi wanataka kila mtu aje na cheti cha kumaliza darasa la saba. Basi akaenda Buswelu kwenye shule yake ya zamani kuuliza kama anaweza kupata karatasi yoyote. Mwalimu mkuu wa sasa ni mgeni, hajui lolote. Akafungua orodha na kumpongeza. Leticia Magesa alifaulu, yuko sekondari hii hii, cheti chake alishachukua.

"Kiko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia kiko kwenye faili langu kwa mkuu wa shule. Kukitoa lazima nieleze ninakokipeleka.

Nilingoja anitukane. Nilingoja aseme atakwenda ofisini. Angesema maneno mawili tu ningekuwa nimekwisha, na mwalimu mkuu yule wa zamani, na Baba mdogo pia. Hakusema.

"Shule sikudai, dada. Umesoma wewe. Mimi nataka karatasi tu ya kuonyesha. Jumamosi wanachukua watu."

Bora angenitukana.

Naandika hili kwa aibu: Jumanne nzima niliomba arudi visiwani. Niliomba kwa Mungu, kwa maneno, nimepiga magoti hapa hapa nilipokaa. Kwamba boti ipatikane, baba yake amhitaji, shangazi yake amchoke. Jumatano nikaona haya, nikaacha kuomba kabisa.

Alhamisi ikaja na mambo yake. Mwalimu wa taaluma alituita kwa mstari kujaza fomu za mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Siku hiyo niliingojea miaka miwili. Nilikuwa nimejiahidi kwamba fomu zikija nitaomba kuongea naye faragha, nimweleze yote, aniandike Kabula Maduhu, iwe basi. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nilale. Kila nilipoitwa Leticia nilijiambia, subiri fomu.

"Angalieni jina herufi kwa herufi," alitangaza. "Mkishasaini hapa ndilo jina lenu. Hata mkiolewa, hata mkifa, vyeti vitasema hivi hivi."

Nikafika mezani. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi ili isiibwe. Nilifungua mdomo. Mwalimu akainua macho, akasema, "Magesa, una swali?" Nyuma yangu watu wanasukumana, mtu ananikanyaga kisigino.

Nikasema sina.

Nikasaini. Tena kwa mwandiko mzuri.

Nililia njia nzima kurudi nyumbani, sitaki kusema uongo humu. Na katikati ya kilio, pale nilipoinama kupanda mawe ya kwetu, ndipo nilipokumbuka kwamba cheti kipo. Si cha Leticia. Cha Kabula. Darasa la saba nilimaliza mara mbili, na kila anayemaliza hupewa cheti, hata asipochaguliwa. Changu Mama amekitunza kwenye sanduku la bati, ndani ya nailoni, pamoja na kadi yangu ya kliniki. Hakina picha. Ni jina, shule, na mhuri.

Jana jioni Mama alipokwenda kuteka maji nilifungua sanduku. Nilikisoma mara nyingi. Nilikuwa nimesahau kwamba pale kwenye tabia na mwenendo waliniandika "mkweli". Nilikaa nacho mapajani mpaka niliposikia ndoo ya Mama inagonga mawe, nikakificha ndani ya daftari la Uraia.

Leo asubuhi nilimkuta Leticia kwa shangazi yake, ameshaoga, amevaa gauni la kuazima. Nikampa. Alikisoma kwanza kwa kidole, neno kwa neno.

"Hiki ni chako wewe kabisa," akasema. "Wewe utabaki na nini?"

"Na chako."

Tukakaa jikoni, mvua inapiga bati, nikaanza kumfundisha. Shule niliyosoma, mwalimu mkuu alikuwa nani, mwaka niliozaliwa, jina la Mama, kwetu ni wapi. Nikamwonyesha sahihi yangu ya zamani, ile yenye mkia mrefu. Akaniuliza Kabula maana yake nini. Nikamwambia kwetu Usukumani mtoto wa kike akizaliwa siku ya mvua ndivyo anavyoitwa. Akatazama nje akasema, "Basi leo nimezaliwa vizuri." Halafu naye akanifundisha. Jina la bibi yake, kijiji chao, na namna ya kuitikia salamu ya Kijita mtu mkubwa akikusalimia, mpaka ulimi ukakubali. Mwalimu wa sayansikimu atafurahi sana Jumatatu. Atadhani nimepatikana.

Tulikwenda wote kiwandani. Mimi nikabaki nje ya uzio pamoja na mama zetu wa mapanki, yeye akapanga mstari. Vyeti vikakusanywa. Baada ya muda msimamizi akatoka na mwavuli, akaanza kuita majina ya waliochukuliwa.

"Kabula Maduhu!"

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa, pumzi ilikuwa imeshatoka. Nikajiziba kwa kiganja, na mama mmoja pembeni akanitazama kama mgonjwa. Leticia alikuwa ameinamia dimbwi, hana habari.

"Kabula Maduhu! Hayupo?"

Nikaokota kokoto, nikamrushia mgongoni.

"Nipo!" akasema. "Nipo, baba, shikamoo."

Akapewa mabuti meupe na kilemba cheupe, akaingia. Hakugeuka nyuma, na sikutaka ageuke. Geti likafungwa.

Nimefurahi kwa ajili yake, kweli. Lakini njiani kurudi nilielewa nilichofanya, na ndiyo maana nimekaa hapa na ndoo mlangoni. Mpaka jana, ukweli wangu ungewaumiza Baba mdogo na mwalimu mmoja wa Buswelu ambao waliyataka wenyewe, na mimi. Sasa siku nikisema mimi ni Kabula, kuna msichana atavuliwa mabuti pale kiwandani. Kwa hiyo sitasema. Si mwaka huu, si kidato cha nne, si nikiwa na watoto wangu. Keki nitazipika. Nimenaswa, na safari hii hakuna wa kumlaumu, maana nimenaswa kwa mikono yangu, kwa akili zangu timamu, asubuhi kweupe.

Kwenye sanduku imebaki kadi ya kliniki. Inasema Kabula ana miezi tisa na uzito wake unaridhisha.

Mama sijamwambia. Siku akifungua sanduku nitasema nini? Kwamba nimempa mtu? Yeye ndiye aliyelichagua jina, akiwa peke yake na mkunga, paa linavuja.

Huyo amerudi. Namsikia chini kwenye mawe, anahema, ana mzigo. "Kabula! We Kabula! Njoo unipokee, nalowa!"

Nimeshtuka kujikuta nangoja, kama vile kuna mwingine wa kuitika.

Ameita tena. Ngoja niondoe ndoo. Hapa nyumbani kuitika bado ni kazi yangu.