Gari Lisinywe, Mlima Upandwe

Tarehe 9 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Kifua je, bado kinakubana asubuhi? Mimi ni mzima, ila usingizi na mimi hatujuani tena. Unga unaumuka kabla sijaamka.

Nakuandikia kuhusu gari. Linatembea, sikatai, tena likishika kasi watu wanageuza shingo. Lakini baba, linakunywa! Kila asubuhi nalijaza mikate mpaka siti ya nyuma haionekani, nazungukia maduka ya chini, halafu napanda mlima kwenda hospitali na zile nyumba za juu. Faida yangu yote inaishia kwenye tangi. Jirani yangu mshonaji anasema mimi nauza mikate ili gari lipate kinywaji.

Nilimpelekea fundi wa gereji ya kona. Akafungua boneti, akapiga mluzi. "Nani alitengeneza injini hii?" Nikamwambia ni baba yangu, kwetu wanamwita Sikio, kwa sababu gari likiwa bado linaingia uani yeye ameshajua linaumwa nini. Akasema anaweza kulipunguzia ulaji, lakini nguvu nayo itapungua, na kwa mzigo ule mlima utanishinda. Nikamkataza asiguse hata nati mpaka nikuulize wewe.

Nisaidie, baba. Nataka gari lisinywe na mlima upandwe.

Mimi binti yako.


Tarehe 20 Februari

Binti,

Marahaba. Kifua kinanibana, na hakuna wa kunichemshia maji. Lakini najua hilo uliliuliza kwa sababu barua lazima ianze na kitu.

Gari halinywi kwa ulevi. Injini ile niliipanua koo kwa mkono wangu, wakati inavuta trela na wewe bado unalala na kidole mdomoni. Nguvu unayojivunia mbele za watu ni petroli hiyo hiyo unayoililia. Ukitaka nguvu, mwaga. Ukitaka kubana, panda kwa gia ya kwanza, huku bibi wa mkongojo anakupita. Anayekuambia utapata vyote viwili ana kitu cha kukuuzia.

Kinachoweza kupunguzwa ni upotevu tu. Jaza tairi upepo, najua zimelegea. Toa lile keria la juu, linabeba upepo mtupu. Safisha kichujio cha hewa, weka plagi mpya. Na mguu wako! Unakanyaga mafuta kama mtu anayeua nyoka. Nilikuambia tangu unajifunza, ukanuna. Ingia gia kubwa mapema, uache injini ipumue.

Yule wa kona kapiga mluzi kwa sababu hajawahi kuona kazi.

Sasa nikuulize na mimi. Umeacha nyumba yenye vyumba na jiko, umekwenda ugenini kukanda unga kama mtu asiye na kwao. Tangu mama yako azikwe nakula vyakula vya kununua. Nguo nafua mwenyewe, nazianika mwenyewe, majirani wananihesabia na kunicheka. Rudi. Mikate hata huku inaliwa.

Mimi baba yako.


Tarehe 14 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Pole na kifua. Nimekutumia sweta, likubane badala yake. Natania.

Nimefanya yote. Keria limetoka, tairi zimejaa, mguu nimeufunza adabu, naendesha kama nimebeba mayai. Tofauti ipo! Ila ukiondoa mlima. Pale gari linarudia tabia yake, tangi linashuka nikiliangalia.

Na sasa kuna jambo kubwa. Shule ya bweni ya kule juu kabisa mlimani wamenipa kazi ya kuwaletea mikate kila siku kabla kengele haijalia. Wamenijaribu mwezi mzima, hawajapata mkate mmoja mbovu. Nimeajiri mama mmoja wa kunisaidia kukanda. Baba, laiti ungeniona, nilitia saini taratibu kama bibi harusi.

Kwa hiyo siwezi kurudi. Naomba usiseme nimekutupa. Njoo wewe, ukae huku, nina nafasi. Ukikataa nitaelewa, najua uani kwako kuna watu na injini zao. Lakini mimi nimeshapata pa kusimama, na sitapaacha.

Nisaidie kuufikiria huo mlima.

Mimi binti yako.


Tarehe 25 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba sana. Sweta limefika, limenikaa vizuri. Nimefurahi kwa habari ya shule. Nimewasomea hata watu wa uani, nao wanakusalimu.

Nimelala nikilifikiria gari lako. Kweli baba yako anaweza kushindwa na mlima? Nilikuambia huwezi kupata vyote viwili. Hayo ni ya mafundi wengine. Fanya hivi.

Ndani ya bahasha hii nimefunga jeti ya kabureta, ndogo kuliko iliyomo. Toa ile, weka hii. Petroli itapita kidogo, hewa itabaki nyingi. Ili nguvu isipungue, legeza nati ya distribyuta, uizungushe kuelekea upande wa betri mpaka alama niliyoichora kwenye karatasi hii, halafu kaza. Cheche itawahi, na injini itachangamka. Unaijua kazi, ulinishikia taa miaka yote.

Fanya kwa mkono wako mwenyewe. Usimwonyeshe yule wa kona wala fundi mwingine. Wataona wivu, watakuvurugia.

Usinishukuru. Mzazi anatakiwa kumtengenezea mtoto njia.

Baba yako akupendaye.


Tarehe 18 Aprili

Baba yangu, fundi wa mafundi,

Shikamoo mara mia! Habari ya afya? Sweta bado lipo au umeshamgawia mtu?

Umeniweza. Nilifanya Jumapili, nikiwa peke yangu, karatasi yako nimeilaza juu ya betri. Jumatatu gari likaondoka kama limeitwa. Linaitika mguu kuliko zamani, na petroli, baba, sikuamini! Najaza kwa nafasi, mtu wa pampu ameniuliza kama nimehamia kwingine. Mshonaji amekosa utani.

Neno moja tu. Mlimani, nikiwa na mzigo, kuna mlio. Si mkubwa. Ni kama mtu anatikisa maharage makavu ndani ya kopo. Nikipunguza mguu unanyamaza, nikikanyaga unarudi. Na mshale wa joto unapanda kidogo. Ni kawaida? Nimetaka kumsikilizisha fundi wa kona, nikakumbuka ulivyonikataza.

Umenipa maisha kwa mara ya pili, na sijui nitakulipa nini.

Mimi binti yako.


Tarehe 27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sweta ninalo.

Mlio huo ni nguvu. Injini ikitengenezwa sawasawa huongea. Usipunguze mguu mlimani, utaizoesha uvivu. Kanyaga mpaka juu. Ukiona unakukera, washa redio.

Na huyo wa kona usimsikilizishe. Atakutisha ili akuchune.

Mimi baba yako.


Tarehe 15 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mbona kimya? Nimeandika mara mbili hujajibu. Au shule imekupandisha hadhi mpaka kalamu imekuwa nzito?

Gari linaendeleaje?

Chumba chako nimekifagia. Godoro nimelianika juani. Kama mambo huko yamekuwa magumu hakuna aibu, mtu hurudi kwao.

Mimi baba yako.


Tarehe 11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia. Unisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa wiki ile ile nilipopata barua yako ya mlio. Nilikuwa na mzigo wote wa shule. Redio nilikuwa nimeiwasha. Pale penye kona kali nikasikia kishindo kimoja, moshi mweupe ukajaa nyuma, injini ikazima. Nikakanyaga breki, bila injini ikawa ngumu kama jiwe. Nikavuta breki ya mkono, mzigo ukalishinda gari. Likarudi kinyumenyume. Mkono wa kulia ulikuwa nje dirishani, nilikuwa namwashiria mtu wa lori aliyekuwa nyuma akae mbali. Gari likaingia mtaroni, likalala upande wangu.

Wamenifunga vyuma. Daktari anasema mfupa utaunga, lakini vidole havitajikunja tena. Nimejaribu kushika unga, unanitoka. Shule walisubiri wiki mbili, kisha wakampa mtu mwingine. Siwalaumu, watoto lazima wale.

Fundi wa kona aliifungua injini kwa huruma, bila mimi kumwomba. Akaja nyumbani na pistoni mfukoni. Ina tundu katikati, kidole kinapita. Akaniuliza nani alibadilisha jeti na kusogeza cheche. Nikasema ni mimi, kwa maelekezo ya baba. Akawa anaigeuzageuza tu ile pistoni.

Nikamwambia, "Sema."

Akasema, "Dada, kupunguza petroli peke yake, sawa. Kuwahisha cheche peke yake, sawa. Vyote viwili, kwa mzigo ule, kwa mlima ule? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua pistoni itaungua. Na mlio lazima uliusikia. Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema nikanyage."

Alinitengenezea chai, akaondoka.

Baba, sikuandikii kugombana. Nakuomba kitu kimoja. Niandikie kwamba ulikosea. Umri umekwenda, mtu anachanganya, hata aliye bora anateleza. Niandikie hivyo tu, mstari mmoja. Nitaamini, na tutaendelea.

Mimi binti yako.


Tarehe 23 Agosti

Binti,

Marahaba. Nimesikitika kwa mkono. Mkono sikuukusudia.

Lakini kuandika kwamba nilikosea, hapana. Tangu nishike spana sijakosea injini, na sitaanza na ile niliyoijenga mwenyewe. Ningekuwa nimekosea, ingekufa siku ya kwanza hapo uani kwako, au isingekufa kabisa. Ilidumu muda niliotaka, ikafia mahali nilipotaka. Huyo wako wa kona mpe miaka hamsini hataweza.

Nilijua itazima mlimani. Nilijua utasimama pembeni ya barabara, utalia, utanuna, halafu utapanda basi uje nyumbani. Wewe ukaweka mkono nje. Nani aliyekufundisha kuendesha na mkono nje? Si mimi.

Ulishasema hutarudi. Hukunipa njia nyingine.

Sasa yamekwisha. Kukanda huwezi tena, huko unangoja nini? Kupika kwa mkono mmoja kunawezekana, nitakuwa nakusaidia kumenya. Chumba bado kisafi. Niambie siku, nitakuja stendi.

Mimi baba yako.


Tarehe 30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Vipi kifua?

Barua yako imefika na nimeielewa. Sitakuja. Yule mama niliyemwajiri anakanda, mimi napima na kuchoma. Tunauza mtaani, kwa toroli. Ni kidogo, lakini tanuri haijazimwa.

Nilimwandikia muuza spea wa pale kwetu, unamjua, mdomo wake hauna breki. Nimemweleza ajali yote. Nimemwambia baba alinielekeza kwa nia njema kabisa, ila siku hizi anachanganya. Anazungusha cheche upande usio wake, jeti anazisahau, mlio wa injini kufa anausikia kama nguvu. Nimemwomba awaambie watu kwa upole wasimletee tena magari yao, mzee asije akaua mtu. Nimewaandikia pia wale mafundi uliowafundisha, mmoja mmoja, kwa mkono huu wa kushoto. Nimewasihi wasikugombeze. Nimewaambia ni uzee, wakuvumilie.

Wamenijibu wote. Wamesikitika sana. Mmoja amesema alishaanza kukuona ukichanganya.

Uwe na afya njema.

Mimi binti yako.


Tarehe 8 Novemba

Mwanangu,

Salamu. Hujambo? Mkono unaendeleaje?

Uani hakuna gari. Wiki ya kwanza nilidhani ni mvua. Halafu nikamwona mteja wangu wa zamani, yule wa lori la mchanga, anapita na injini inakohoa, vali ya tatu imelegea, naisikia nikiwa kitandani! Nikatoka na spana. Akashuka, akanishika bega, akaniambia, "Pumzika, baba, umefanya kazi ya kutosha." Akaenda kwa yule kijana niliyemfundisha mimi. Jioni limerudi, bado inakohoa. Hawakuisikia!

Kwa muuza spea nikiomba kitu ananiuliza mara mbili, polepole, kama anaongea na mtoto. Juzi nimetaka gasketi, amenipa pipi.

Nimewaambia nilifanya makusudi. Nimesimama pale dukani mbele ya watu nikasema kwa sauti, nilikusudia, nilipima, nilimtumia jeti mwenyewe ili injini ife. Unajua walifanya nini? Walitazamana. Wakaniletea kiti. Wakasema, "Usijisumbue hivyo, mzee, tunakuelewa." Yule niliyemfundisha alifuta machozi.

Wewe watakuamini. Wewe una mkono wa kuwaonyesha, na una barua yangu ya Agosti, yote nimeandika mle. Watumie. Waambie baba yangu si mgonjwa, ni mtu mbaya. Andika hivyo hivyo, mtu mbaya, sitakukasirikia. Waambie alijua kila nati. Kurudi usirudi, chumba nitampangisha mtu, sitakudai tena kitu.

Lakini waandikie, mwanangu. Nimeshamwandikia pia fundi wa kona, hajajibu. Niandikie hata wewe, hata tusi.

Stempu nimekuwekea ndani.

Mimi baba yako,
fundi.