Mgonjwa Anayeitwa Kila Asubuhi Ni Mimi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibikiwa kabisa. Mimi ni mpiga picha za ultrasaundi hospitalini, wenzangu wananiita Jicho kwa sababu eti hakinipiti kitu, na kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza huwa naijaribu mashine kwenye shingo yangu mwenyewe, napaka jeli, naweka kifaa, naiona tezi yangu ya shingo imetulia pande zote mbili, najifuta, naita watu, miaka kumi na moja hivyo hivyo, mpaka wiki tatu zilizopita nilipoona upande wa kulia kitu cheusi, kidogo kama punje ya hindi, kimesimama wima badala ya kulala, kingo zake zimeparuzika na ndani kuna vidoa vyeupe, na mshauri, vya watu nimeviona vingi, najua vya aina hii huwa vinatia shaka.

Sasa mashine haihifadhi picha bila jina, na langu sikulitaka, kwa hiyo mkono ukaandika wenyewe jina la marehemu mama na namba yake ya simu ya zamani, na mama alikufa kwa uvimbe wa shingo alioficha kwa mtandio mpaka sauti ikakauka. Nilipanga kuzitazama tena picha zile jioni kisha nizifute, nikasahau, na daktari anayesoma picha akazisoma pamoja na za wengine, akaandika: mgonjwa aitwe haraka, achomwe sindano ya kuchukua sampuli.

Tangu hapo karani wa mapokezi anasimama koridoni kila asubuhi anamwita mama yangu, majina yote matatu, na watu wanageuka kutazama mlangoni kama vile anakuja, na mimi nimejibanza nyuma ya pazia. Jumatatu akaniambia, "Dada Jicho, yule mama nimempata kwenye simu. Anasema yeye haumwi kitu, labda ni binti yake. Anasema atamwambia aje." Juzi akaita tena, nikasikia mtu anaitika "Abee!" kumbe ni mimi, karani akacheka akidhani namtania. Mume wangu anashangaa kwa nini nashinda na mtandio ndani ya nyumba. Nikisema, nitafukuzwa kazi kwa kuandikisha mgonjwa wa uongo. Nisiposema, mama ataendelea kuitwa, na naogopa siku moja ataitika yeye.

Jicho

Dada Jicho, marahaba, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilihamia chumba chenye watu. Sasa tuache kutetemeka, tuzungumze.

Marehemu hakupokea simu. Namba ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine, na aliyepokea ni mama wa watu, mwenye binti yake, ambaye saa hizi anampapasa mwanawe shingo kwa hofu uliyoizua wewe. Umelifikiria hilo? Leo hii, kabla hujala, mpigie umwombe radhi.

Ukimaliza, nenda kwa daktari aliyesoma picha. Mwambie, "Zile ni zangu," na faili liandikwe jina lako. Atafoka? Na afoke. Huenda ukapewa barua ya onyo, lakini barua ya onyo husomwa na mtu aliye hai.

Unajua kuliko mimi kwamba vivimbe vingi vya tezi hiyo si saratani, na hata vile ambavyo ni saratani, vingi hutibika vikiwahiwa. Si ndivyo unavyowaambia wagonjwa wako? Au ulikuwa unawapoza tu? Picha inatia shaka, sindano ndiyo inayosema. Wewe umejipiga picha, umejisomea, umejihukumu, na wiki tatu zimekwenda. Mama yako, Mungu amrehemu, hakujua alichokificha. Wewe unakijua mpaka kwa milimita, na bado unamwiga. Nimekukasirikia, mdogo wangu, na nakuogopea.

Mumeo aambiwe leo, kwa maneno, si kwa mtandio.

Siku ya sindano, ukishalala kitandani, mwenzako ataigeuza skrini upande wako kwa heshima ya kazi. Mwambie aigeuzie kwake. Shika mkono wa mumeo, tazama dari, na safari hii aone mwingine.