Kengele ya Dawa Mfukoni mwa Koti

Ok-bun, nimemharibia Bo-ram mtihani wa chuo kikuu. Mimi, bibi yake mzaa baba!

Asubuhi baridi ilikuwa inauma, nikamvisha koti langu lile zito la zambarau. Simu nikaisahau mfukoni. Lakini niliiweka kimya, shoga, vilevile ulivyonifundisha!

Kumbe kengele ya dawa ya presha haijali kimya. Imelia katikati ya mtihani wa kusikiliza Kiingereza, saa ambayo hata ndege za abiria zinakatazwa kuruka zisiwapigie watoto kelele. Hata ndege, Ok-bun! Simu ukiiambia inyamaze, si inyamaze?

Simu ni marufuku mle ndani; wamemtoa, mtihani wake wote umefutwa. Mpaka mwakani.

Langoni akaniambia, "Bibi, nilimwonea huruma mwenye simu. Nikasema moyoni, maskini, huyo kwisha habari yake. Kumbe ni mimi."

Nikalia pale pale barabarani. Yeye ndiye akanibembeleza: "Nyamaza, bibi wee. Mama nitamwambia niliichukua mwenyewe, maana wewe atakutafuna mzima mzima." Anacheka, na midomo inamtetemeka.

Sasa yuko bafuni. Namsikia mama yake anavua viatu mlangoni. Naenda kumwambia ukweli kabla mtoto hajatoka.