Mkono wa Babu Yako

Rujewa

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo na baridi ya huko Iringa? Sisi tupo salama. Mpunga tumeshauanika, na mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama ni aibu kugonga mkeka mwenzako akikukunja mkono kwenye judo, maana rafiki zako wanakucheka. Judo siijui, ila mieleka nimeitazama. Enzi zetu, tukimaliza kupura mpunga, vijana walishindana pale pale juu ya majani yake. Aliyebanwa akizidiwa alipiga majani kwa kiganja, na mwenzake alimwachia papo hapo.

Mwaka mmoja Sadiki, jirani yetu, alibanwa kiwiko. Kwa kuwa wasichana tulikuwa tunatazama, akaona haya kupiga majani, akakaza. Tukasikia kiwiko kikilia. Mkono ule haujanyooka mpaka leo.

Aliyefuata alikuwa babu yako. Yeye alipokunjwa tu akapiga majani. Tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Akainuka, akajipangusa makapi, akacheka na sisi.

Kesho yake nilimkuta anapakia magunia ya mpunga ya kina Sadiki, maana mwenyewe hakuweza. Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri.

Kwa hiyo gonga, mjukuu wangu, tena gonga mapema, kisha urudi kesho ucheze tena. Waache wacheke. Mkono ule tuliouchekea ndio uliokubeba kutoka hospitali siku uliyozaliwa.

Bibi yako