Usemi Uliozaliwa Mlangoni mwa Lifti

Mjukuu wangu Salma,

Assalamu alaykum. Sisi huku Maskati hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako kahamia Mabela, na nyumba bado inanuka rangi.

Umeniuliza ile misemo ya Kiingereza iliyo mdomoni mwa kila mtu huko Uingereza hutungwa na nani. Watungaji wote siwajui, ila mmoja nnamjua vizuri.

Miaka ya tisini nikipokea wageni katika ofisi moja Khuwair, na Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha. Siku moja lifti iliharibika. Meneja wetu, Muingereza, akaniuliza kama inafanya kazi. Kwa hofu nikamjibu, "Inafanya kazi, lakini si leo." Ofisi nzima ikacheka. Niliona haya, nikataka kuacha kazi.

Wiki ya pili nikamsikia meneja akisema vilevile juu ya mashine ya fotokopi, wala hacheki. Kisha makarani nao, na madereva. Kumbe walichokicheka wamekipenda! Nikabaki.

Mwaka jana, dukani Qurum, mwanamke kijana wa Kiingereza alikuwa akimsimulia shoga yake habari za mumewe: "Anafanya kazi, lakini si leo." Nikamsogelea. Nikamuuliza maneno hayo kayapata wapi.

"Mama, huu ni usemi wetu wa zamani wa Kiingereza," akanambia kwa upole, akanifafanulia na maana yake.

Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru kwa kunisomesha.

Mungu akuhifadhi na baridi ya huko.

Bibi yako,
Zuwena